Vumbi, Mchanga au Chumvi: Kusafisha Sensa ya Kamera Nyumbani Lamu

Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika, nilipiga picha za arusi iliyomalizikia kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Siku chache baadaye mama wa bibi arusi alikuwa akizitazama kwenye kompyuta yangu, akasogeza kidole hadi kwenye mbingu iliyo juu ya kichwa cha binti yake, akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni kunguru au ni nzi?" Hawakuwa kunguru wala nzi. Yalikuwa madoa matatu ya kijivu, nayo yalikaa mahali pale pale katika kila picha yenye mbingu, kwa kuwa asubuhi ya siku ile nilikuwa nimebadilisha lenzi nikiwa nimesimama mbele ya bahari, mdomo wa kamera ukitazama upepo unakotoka. Kosa lilikuwa langu, na kuyafuta madoa yale katika picha moja baada ya nyingine kulinichukua usiku mzima.

Tangu wakati huo huisafisha sensa, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, mwenyewe, nyumbani, kwa sababu fundi ninayemwendea yuko Mombasa, na kumfikia ni kuvuka kwa mashua hadi Mokowe kisha kukaa ndani ya basi karibu siku nzima. Kazi yenyewe si ngumu kama inavyotishwa. Kinachowaponza wengi ni kuanza kupangusa kabla ya kujua kilichoingia ni nini. Katika mji huu huingia vitu vitatu vyenye tabia mbalimbali: vumbi laini la chokaa na boriti, mchanga, na chumvi ya bahari. Kila kimoja kina namna yake ya kutolewa, na namna inayokifaa kimoja huweza kuwa maangamizi ukiitumia kwa kingine.

Vumbi tunaloliona katika picha halikai juu ya sensa yenyewe. Mbele ya sensa mna bamba jembamba la kioo ambalo huchuja mwanga usiotakiwa, na chembe zote hutua juu ya bamba hilo. Kwa hiyo tunaposema tunasafisha sensa, kwa hakika tunasafisha kioo, na kioo ni kigumu kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo kioo hiki kimepakwa utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa hakuna dawa isipokuwa kukibadilisha, kazi ambayo ni ya fundi na ambayo gharama yake si ndogo.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo liko hapo. Chembe unayoiona ukichungulia kwenye kitazamio, lakini haimo katika picha, iko kwenye kioo cha kulengea na haidhuru chochote. Vumbi lililo mbele ya lenzi nalo ni nadra kujitokeza kama doa, kwa sababu liko mbali mno na mahali taswira inapokazia. Hilo hupunguza tu nguvu ya rangi, hasa jua likiwa mbele yako. Doa la sensa hujulikana kwa ukaidi wake: ubadilishe lenzi, ugeuke mashariki au magharibi, litakuwa pale pale.

Ili kuliona vizuri, weka kamera kwenye hali inayokuruhusu kuchagua tundu la lenzi, ambalo wengi wetu huliita apacha, na ulibane hadi f/16 au f/22. ISO, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga, iwe 100. Zima fokasi ya kujiendesha, yaani lenzi kujitafutia yenyewe mahali pa kukazia taswira, na uipeleke fokasi mbali kabisa, kisha usogelee ukuta uliopakwa chokaa nyeupe kiasi cha shibiri mbili na upige picha huku ukiitembeza kamera taratibu, ili mikunjo na nyufa za ukuta zipotee na kibaki kilicho ndani ya kamera pekee. Ongeza mwanga kwa stopu moja, yaani uwe maradufu, kwani kamera ikiachiwa iamue yenyewe huugeuza ukuta mweupe kuwa wa kijivu. Ifungue picha hiyo kwenye kompyuta, uikuze hadi asilimia 100, na uikague kuanzia pembe moja hadi nyingine kama mtu anayechambua mchele kwenye uteo.

Kulibana tundu ni lazima katika jaribio hili. Tundu likiwa pana, tuseme f/2.8, mwanga hufika kwenye sensa kutoka pande nyingi, na kivuli cha chembe husambaa hadi kisionekane. Tundu likibanwa, miale huja ikiwa imenyooka zaidi na kivuli kile kile hukazana kikawa doa. Ndiyo sababu mtu anayepiga picha za nyuso peke yake anaweza kukaa na sensa chafu mwaka mzima bila kujua, ilhali anayepiga majahazi na mbingu hulalamika kila juma.

Andika kwenye karatasi mahali madoa yalipo, ukikumbuka kwamba lenzi hupindua taswira. Ukiigeuza kamera ikutazame, doa lililo juu kushoto katika picha utalikuta chini kushoto kwenye sensa: juu huwa chini, lakini kushoto hubaki kushoto. Niliwahi kupoteza nusu saa nikipuliza pembe isiyo na kitu kwa kutolijua hili.

Sasa tuje kwenye kuutambua uchafu, ambako ndiko penye kazi. Vumbi la nyumba zetu ni la aina yake. Kuta za mawe ya matumbawe hupigwa lipu ya chokaa ambayo hupukutika kadiri miaka inavyopita, na boriti za mikoko zilizo darini zikiliwa na dumuzi hudondosha unga mwepesi wa manjano ambao kila mwenye nyumba ya kale anaujua, kwa kuwa huupangusa mezani asubuhi na kuukuta tena jioni. Unga huu na wa chokaa ni mwepesi, na katika picha huonekana kama vidoa vidogo vingi vilivyofifia. Nyingi ya chembe hizi hutoka kwa hewa tupu, bila kugusa kioo.

Mchanga ni adui mwingine. Doa lake huwa jeusi zaidi, lenye ukingo ulio wazi, na ukiimulika sensa kwa tochi kutoka ubavuni utaiona chembe iking'aa. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo, hivyo ukiiburuta kwa kitambaa itaandika mstari nyuma yake. Mchanga hupulizwa tu. Ukikataa kutoka baada ya kupulizwa mara nyingi, uachie fundi, hata kama fundi yuko mbali.

Chumvi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Huingia ikiwa ndani ya rasharasha za mawimbi unapobadilisha lenzi chomboni au ufukweni, kisha maji hukauka na kuiacha. Tabia yake ya ajabu ni kwamba unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, jambo la kawaida kwetu pwani, punje ya chumvi huvuta maji hewani na kuyeyuka ikawa tone dogo. Hewa ikikauka hurudi kuwa punje. Nilikuwa na doa ambalo asubuhi lilikuwa pana na hafifu, na adhuhuri likawa dogo na jeusi, na nusura niamini kwamba kamera imerogwa. Doa linalobadili umbo hivi ni la chumvi, na hewa hailiondoi kwa kuwa limeganda kwenye kioo.

Ukishajua unashughulika na nini, tafuta chumba. Chumba kifaacho kwa kazi hii si kile chenye zidaka nzuri wala kilicho chini ya boriti zilizoliwa. Mimi hutumia chumba kidogo cha chini chenye sakafu ya saruji, ambacho hupigwa deki saa mbili au tatu kabla, madirisha yakafungwa, feni ikazimwa, na hewa ikaachwa itulie hadi vumbi lote lishuke. Meza ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Vua shati la sufi au kanga yenye nyuzi zinazopukutika, nawa mikono hadi viwikoni, na uvae tochi ya kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla punda wa mawe na mchanga hawajaanza kupita kichochoroni.

Betri iwe imejaa. Katika kamera yenye kioo cha ndani, kile kinachopeleka taswira kwenye kitazamio, kioo hicho hunyanyuliwa kwa amri ya usafishaji iliyomo ndani ya menyu, na hubaki juu kwa nguvu ya umeme. Betri ikikatika katikati ya kazi, kioo na shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa mbele ya sensa, huanguka juu ya kilichomo ndani, iwe kijiti au kidole. Kamera nyingi hukataa kufungua njia hiyo chaji ikiwa ndogo, na hukataa kwa sababu nzuri. Usitumie njia ya mkato ya kuishikilia shata wazi kwa muda mrefu, kwa maana kidole kikiteleza mambo ni yale yale. Kamera zisizo na kioo cha ndani nyingi huiacha sensa wazi mara lenzi inapotolewa, ila baadhi hushusha pazia la shata zinapozimwa. Pazia hilo ni jepesi mno, halipulizwi wala haliguswi. Soma kitabu cha kamera yako ujue iko upande gani.

Anza na kamera yenyewe. Kampuni ya Olympus ilitoa mwaka 2003 kamera iliyoitwa E-1, ambayo kioo chake cha mbele ya sensa hutikiswa kwa kasi kubwa ili kukung'uta vumbi, na tangu hapo watengenezaji wengi wameiga. Ikiwa kamera yako ina uwezo huo, iweke wima juu ya meza na uamuru itikise mara tatu au nne. Piga tena picha ya ukuta. Mara nyingine kazi huishia hapo, na kifungua kinywa hakijapoa.

Ikiwa haikuisha, chukua pampu ya mpira ya kupulizia, ile ya mkono yenye mdomo mrefu. Ibonyeze hewani mara kumi kwanza, mbali na kamera, ili itapike vumbi lililojikusanya ndani yake. Pampu mpya nyingine huja na unga ndani. Toa lenzi, ishike kamera ikiwa imeinamishwa kabisa, sensa ikitazama sakafu, na upulize kutoka chini kwenda juu kwa mibonyezo mifupi yenye nguvu, kwanza ukizunguka kuta za ndani, kisha ukiielekea sensa. Ncha ya pampu isivuke duara la chuma ambalo lenzi hukazwa. Baada ya mibonyezo ishirini hivi, iache kamera imeinama kwa dakika moja ili kilichong'oka kidondoke, ndipo uifunike. Pulizia pia sehemu ya nyuma ya lenzi na ndani ya kifuniko chake, kwa maana vumbi lililo kwenye kifuniko kesho litakuwa kwenye sensa. Rudia jaribio la ukuta. Rudia na kupuliza. Mimi huona kwamba mara nyingi sina haja ya kwenda mbele zaidi ya hapa, na ninakusihi usiwe na haraka ya kwenda.

Kamwe usipulize kwa mdomo. Nilifanya hivyo mara moja tu, chumbani mwangu, na tone la mate lisiloonekana kwa macho likakauka likawa doa kubwa kuliko vumbi lote nililokuwa nikilifukuza. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo hutema kimiminika cha baridi kali ambacho hukiachia kioo utando, na kompresa ya fundi wa magurudumu hutoa hewa iliyochanganyika na mafuta na maji. Pamba za masikio huacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa isikudanganye kwa harufu yake safi, kwani aina nyingi huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye kioo. Maji ya betri ya gari yanayouzwa kwa chupa pia sitayatumia, kwa kuwa sijui kilichomo ndani ya kila chupa.

Kwa doa lililoganda, la chumvi au la mafuta ya shata, ambalo kwa kawaida huwa la mviringo lenye katikati nyeupe kidogo, hapo ndipo usafishaji wa kimiminika huhitajika. Nunua vijiti vya kusafishia sensa vilivyofungwa kimoja kimoja, vyenye upana unaolingana na sensa yako: milimita 24 kwa sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, na milimita 16 hivi kwa sensa ndogo zaidi, ya ukubwa uitwao APS-C. Vimiminika viko vya aina mbili. Kuna vya methanoli, aina ya alkoholi, ambavyo hukauka mara moja na huondoa mafuta, na kuna vyenye asili ya maji, ambavyo hufaa kwa chumvi. Chumvi haiyeyuki vizuri katika methanoli, na hilo ndilo linalowafanya watu wa pwani wapanguse mara tano wakilisogeza doa tu kutoka upande huu hadi ule. Kwa chumvi mimi hupitisha kwanza kijiti chenye kimiminika cha maji, kisha kingine kipya chenye methanoli ili kukausha. Jihadhari pia na usafirishaji: methanoli hushika moto na ni sumu, haiingii kwenye mizigo ya abiria wa ndege, hivyo mtu anayekuja kwa kupitia uwanja wa Manda asiahidiwe kuibeba. Yangu huja kwa basi.

Kabla ya kupangusa, puliza tena, ili kusiwe na hata chembe moja ya mchanga iliyobaki. Tia matone mawili ya kimiminika kwenye ncha ya kijiti, matatu ikiwa ni kipana, na usubiri sekunde kumi yaenee. Kijiti kilicholoa chepechepe huacha michirizi na huweza kupenyeza maji pembezoni mwa kioo. Laza kamera chali, weka ncha kwenye ukingo mmoja wa sensa, iinamishe kidogo kuelekea unakokwenda, na uivute hadi ukingo wa pili kwa mwendo mmoja usiosita. Nguvu inayotakiwa ni ile ya kuandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi nyepesi, kiasi cha kukifanya kijiti kipinde kidogo tu. Ukifika mwisho, nyanyua, geuza upande ambao haujatumika, na urudi ulikotoka. Kwisha.

Mtoto wa ndugu yangu, ambaye hunisaidia kubeba taa siku za arusi, alinitazama nikikitupa kijiti akasema, "Ami, si ukipitishe tena? Bado kina unyevu." Nikamwonyesha ncha yake chini ya tochi: palikuwa na kidude cheusi kimekwama kwenye kitambaa. Kijiti kile kingerudi ndani, kingerudi na kidude chake. Bei ya vijiti huuma, nakubali, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na pampu na kudumu nayo.

Piga picha ya ukuta kwa mara nyingine. Ukikuta vidoa viwili vitatu hafifu pembeni ambavyo huonekana kwa f/22 tu, viache. Hakuna anayepiga arusi kwa f/22, na kila unapogusa sensa unajitia katika hatari ndogo ambayo kidoa cha pembeni hakistahili. Programu za kuhariri picha hufuta kidoa kama hicho kwa mbofyo mmoja. Ukiona michirizi mahali pa madoa, kimiminika kilizidi: kijiti kingine, tone moja pungufu. Ukiona mstari mwembamba ulionyooka ambao hautoki kwa lolote, huo si uchafu, ni mkwaruzo, na hapo usiendelee.

Kinachobaki ni kupunguza safari za kurudi kwenye kazi hii. Lenzi hubadilishwa kamera ikiwa imezimwa na imeinama, mgongo wako ukiwa kwa upepo, na lenzi ya pili ikiwa tayari mkononi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mimi huingia kwenye daka la nyumba yoyote iliyo karibu, nikabisha hodi na kuomba radhi, kuliko kufanya hivyo kwenye gati. Chomboni sibadilishi kabisa. Siku ya mashindano ya majahazi hubeba lenzi moja na kuridhika nayo. Katika miezi ya mvua za masika adui hugeuka kuwa ukungu, ule unaoota kwenye vitu vyenye unyevu, hivyo kamera hukaa ndani ya kisanduku kinachofungika vizuri pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, wala si ndani ya gunia la mchele kama nilivyoshauriwa na rafiki, kwa sababu mchele nao una unga wake. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa nusu saa kabla ya kuitoa, isije hewa ya joto ikatoa jasho juu ya kioo. Na mfuko wenyewe, ambao hukusanya mchanga kwenye mishono kuliko mahali pengine popote, huugeuza nje ndani na kuukung'uta juu ya paa kila Ijumaa asubuhi, upande upepo unakoelekea, kamera ikiwa imebaki chini ndani ya kisanduku.